Jinsi ya kuchagua kampuni ya kuaminika ya kuhifadhi blogu

MWANDISHI anayeanzisha blogu aghalabu huhangaikia jina lake, sura yake na makala ya kwanza. Suala la kampuni itakayoihifadhi huja mwishoni, na mara nyingi huamuliwa kwa bei pekee. Ilhali kampuni hiyo ndiyo ghala la kazi yake yote. Ghala likiteketea, au mwenyewe akilifunga, makala ya miaka mingi huweza kutoweka kwa siku moja.

Hayo yamewahi kutokea. Oktoba 2009, kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities nchini Marekani, huduma iliyokuwa imehifadhi mamilioni ya kurasa za watu binafsi tangu miaka ya tisini. Waliokuwa hawajachukua nakala za kazi zao walibaki kuwategemea wahisani waliojitolea kuokoa walichoweza.

Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa papo hapo kwenye eneo la mkasa walipoteza data zao kabisa.

Ni bayana, basi, kwamba hakuna kampuni isiyoweza kupatwa na msiba. Ya kuaminika ni ile inayomwezesha mteja kurejea hewani upesi, au kuhama na mali yake bila kizuizi.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni ahadi ya muda wa kuwa hewani. Asilimia 99 huonekana kubwa, lakini katika mwezi wa siku 30 huruhusu tovuti kuzimika kwa zaidi ya saa saba. Asilimia 99.9 huruhusu takriban dakika 43 tu. Aidha, mteja asome mkataba ajue atafidiwa nini ahadi ikivunjwa, na iwapo saa za ukarabati zinahesabiwa.

La pili ni mahali seva ilipo. Blogu inayosomwa zaidi nchini Kenya hunufaika ikihifadhiwa humu nchini, kwa kuwa mitandao ya hapa hubadilishana data kupitia kituo cha KIXP badala ya kuzipitisha ng'ambo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, na tovuti zilizohifadhiwa nje zikawa ngumu kufikiwa. Hata hivyo, mwandishi ambaye wasomaji wake wengi wako Ulaya au Marekani huenda akafaidika zaidi na seva iliyo karibu nao.

La tatu ni nakala za akiba. Mteja aulize zinachukuliwa mara ngapi, zinawekwa jengo gani, na kama kuzirejesha kunatozwa ada. Hata akipewa majibu ya kuridhisha, angali na wajibu wa kupakua nakala yake mwenyewe kila mara na kuiweka mbali na seva hiyo. Isitoshe, ajaribu kuirejesha angalau mara moja. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

La nne, ambalo wengi hulipuuza, ni umiliki wa jina la tovuti. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC na huuzwa kupitia mawakala. Jina lisajiliwe kwa niaba ya mwenye blogu, wala si fundi aliyemjengea tovuti. Barua pepe ya usajili nayo isitegemee jina hilo hilo, kwani jina likikwisha muda, ilani zitatumwa kwenye anwani iliyokwisha kufa. Anayemiliki jina lake anaweza kuhamia kampuni nyingine na wasomaji wakaendelea kumpata palepale.

Kuhusu gharama, bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Linalofaa kulinganishwa ni ada ya mwaka wa pili. Hali kadhalika, ahadi ya nafasi isiyo na kikomo huwa na masharti yake, kwa sababu seva moja huhudumia tovuti nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, blogu changa haihitaji kulipia seva yake pekee. Mpango wa kuchangia seva hutosha, mradi kampuni iruhusu kupanda ngazi wasomaji wakiongezeka.

Hatimaye, kabla ya kulipa chochote, mwandishi aitumie kampuni swali la kiufundi usiku wa Jumamosi na kungoja jibu. Kampuni inayomkawiza mtu ambaye bado inamtafuta awe mteja haielekei kumkimbilia blogu yake itakapozimika naye ameshalipa ada ya mwaka mzima.