Siyu na Majirani Zake

Siyu ya leo ni kijiji katika kisiwa cha Pate; katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanazuoni, wanukuzi wa misahafu na mafundi wa ngozi. Kusini-magharibi upo Pate, mji wa masultani, ambako Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka 1728. Kisiu na Kipate ni ndugu wa Kiamu kilicho ng'ambo ya maji. Ilhali Faza, kisiwani humo humo, husema Kitikuu. Mpaka huo, basi, haukuchorwa na bahari. Siyu, iliyoyashinda majeshi ya Seyyid Said mwaka 1844, ilitekwa na Majid mwaka 1863. Wataalamu wanaoziita tungo zote za kaskazini kuwa za Kiamu huiteka mara ya pili.