Duka Limefungwa, Deni Limebaki

Mwezi uliopita alinijia kijana niliyepata kumfundisha miaka kadhaa iliyopita. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani yake barua ya madai ya kodi ya duka lake la vifaa vya ofisi, duka lililokuwa limekufa kabla barua yenyewe haijaandikwa. Mtaji ulikatika, mwenye nyumba akabadilisha kufuli, rafu zikauzwa kwa bei ya kutupa. "Mwalimu," aliniuliza, "biashara ikishakufa, deni lake linamwendea nani?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi, maana alihitaji msaada kuliko mhadhara. Mhadhara nimeuhifadhi kwa ajili ya wasomaji wa ukurasa huu, kwani swali lake ni la kihistoria kuliko alivyodhani.

Tuanzie London. Mwaka 1892 fundi viatu aitwaye Aron Salomon, aliyekuwa na karakana katika mtaa wa Whitechapel, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007, yeye peke yake alishika 20,001. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Mfilisi alidai kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli cha Salomon tu, hivyo madeni yake yamwangukie mwenyewe. Mwezi Novemba 1896, Baraza la Malodi lilikataa. Kampuni, walisema wale majaji, ni mtu mwingine mbele ya sheria, na deni la mtu mwingine halimfuati Salomon nyumbani kwake. Kila mwanafunzi wa sheria katika Afrika Mashariki amekutana na kesi hiyo, kwa kuwa sheria zetu za makampuni zimejengwa juu yake.

Sasa tuangalie kilichokuwa kikitendeka huku kwetu katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na kiwango cha mashambani kilikuwa rupia 3. Mwaka 1900, Mkataba wa Buganda uliotiwa saini na Waingereza uliweka rupia 3 kwa kila nyumba, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Hakuna aliyeuliza nyumba ile imezalisha nini. Mvua inyeshe isinyeshe, ng'ombe wafe wasife, rupia zilikuwa zilezile. Na watawala hawakuificha shabaha yao: mtu asiye na fedha ilimpasa aitafute kwa kulima zao la kuuza au kwa kwenda shambani kwa mzungu. Waingereza walipoichukua Tanganyika, kodi ya nyumba na ya kichwa iliendelea, na aliyeshindwa kulipa fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kwa kazi ya mikono yake. Hapa neno "kichwa" halikuwa tamathali.

Kwa hiyo karne ya ishirini ilitukuta na mirathi miwili. Mmoja unasema deni ni la biashara, na biashara ikifa deni hufa nayo, ila kile kinachopatikana kwenye mali iliyobaki. Mwingine unasema deni ni la mtu, naye atalibeba popote aendapo. Wa kwanza ulikuja na makampuni, wa pili ukabaki kwa raia wa kawaida. Uhuru haukuufuta huo wa pili mara moja. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka kodi ya maendeleo iliyorudishwa katika miaka ya 1980, na wanaume waliolala porini mgambo walipopita vijijini. Ilifutwa mwaka 2003.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kodi ya mfanyabiashara wa leo ni ileile ya mkoloni. Leo kuna bunge linaloipitisha, na kuna shule na zahanati zinazoitegemea. Ninachosema ni kwamba mwenye duka dogo aliyesajiliwa kwa jina lake mwenyewe bado anasimama upande wa nyumba ya rupia 3, wala si upande wa Salomon. Kodi yake ya makadirio huangalia mauzo, si faida. Anaweza kuuza mwaka mzima kwa hasara na bado akadaiwa. Akifunga mlango bila kutoa taarifa rasmi, daftari la serikali linaendelea kumtambua kuwa mfanyabiashara. Riba huongezeka kimyakimya. (Hata kampuni, kwa haki, haina tena ukuta mnene kama wa mwaka 1896: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaweza kuwafikia wasimamizi wake.)

Je, sheria ya ufilisi haimwokoi? Yetu ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1914, ambayo iliiweka kodi ya mwaka mmoja katika kundi la madeni yanayolipwa kwanza, pamoja na mishahara. Waingereza wenyewe waliiondoa kodi katika kundi hilo kwa sheria ya mwaka 2002, kisha wakairudisha kwa sehemu mwaka 2020. Lakini mwenye genge au duka la mtaani haendi Mahakama Kuu kuomba atangazwe muflisi. Wakili peke yake angemgharimu kuliko deni.

Kinachobaki ni huruma ya vipindi. Mwaka 2018 serikali ilitangaza msamaha wa riba na adhabu kwa waliokubali kulipa deni la msingi, na wengi waliitikia. Ulikuwa uamuzi mwema. Hata hivyo msamaha ni tukio, una tarehe ya mwisho, na aliyefilisika baada ya tarehe hiyo hana pa kuushika. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua tofauti kati ya hisani na utaratibu. Ninaloomba lijadiliwe ni utaratibu: hatua fupi na nafuu ya kumpima mfanyabiashara mdogo aliyeanguka, kuona alichobakiwa nacho, kumpangia anachoweza, na kulifunga faili lake.

Yule kijana tuliandika naye barua mbili. Ya kwanza ilitoa taarifa ya kufungwa kwa biashara, na tuliambatisha barua ya mwenye nyumba kuonesha tarehe aliyoondolewa. Ya pili iliomba kulipa kwa awamu na kusamehewa riba. Awamu amekubaliwa. Kuhusu riba, anasubiri.