Kofia ngumu ya boda ilitoka wapi, na kwa nini bado tunabishana?

Kama umewahi kukaa Mhunze, au mji wowote wa Kanda ya Ziwa, msafara huu unaujua. Dereva wa bodaboda amefariki. Kijiwe kizima kinasimamisha kazi, mchango unapitishwa, na siku ya mazishi pikipiki zinatangulia mbele ya gari lililobeba jeneza. Matawi ya miti yamefungwa kwenye usukani, honi zinalia mfululizo. Ni heshima ya mwisho kwa mwenzao. Sasa tazama vichwa vyao. Vingi viko wazi. Marehemu huenda kafa kwa kuumia kichwa, na wanaomsindikiza hawajavaa kitu.

Jioni, msibani, mabishano yanaanza. Mmoja anasema angevaa helmeti angekuwa hai. Mwingine anajibu kuwa siku yake ilikuwa imefika, na tena fulani alivaa na akafa vilevile. Wote wawili wana uchungu, na hakuna anayemshinda mwenzake. Makala hii ni kwa ajili ya mabishano hayo. Yana historia ndefu, na ukiijua utabishana vizuri zaidi.

Mgonjwa wa mwaka 1935

Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence alikuwa kwenye pikipiki yake. Huyu ndiye mwanajeshi aliyepata umaarufu duniani kwa vita vya Arabuni. Mbele yake kulikuwa na vijana wawili wa baiskeli. Akawakwepa, akarushwa, akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa siku sita bila fahamu, akafariki akiwa na miaka 46.

Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa. Miaka michache baadaye vita kuu ya pili ikaanza, na Cairns, akiwa Oxford, akaanza kuwapokea askari wapeleka barua waliokuwa wakitembea kwa pikipiki. Hawa hawakuumizwa na risasi. Waliumizwa na barabara za nyumbani kwao.

Mwaka 1941 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo. Katika miezi 21 kabla ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 1,884 walikufa barabarani Uingereza. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita wakafa 2,279. Hilo ni ongezeko la asilimia 21, na sababu kubwa ya vifo ilikuwa kichwa. Katika majeruhi wote aliowaona, waliokuwa wamevaa kofia ngumu walikuwa saba tu. Wote saba walipona.

Hapa tusimame kidogo. Watu saba ni ushahidi? Mwanafunzi yeyote wa takwimu atakuambia hapana, ni wachache mno. Cairns naye alilijua hilo. Lakini watu saba wanatosha kukufanya uulize swali vizuri. Jeshi la Uingereza likawalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa kuanzia Novemba 1941, na Cairns akaendelea kuhesabu. Mwaka 1943, akiwa na mwanafizikia A. H. S. Holbourn, akachambua ajali nyingine za waliovaa. Mwaka 1946 akatoa hesabu ya vifo mwezi kwa mwezi kwa kipindi chote cha vita, na vilikuwa vimeshuka. Ni kweli vita ilibadilisha mengine pia, kama mgao wa mafuta. Ndiyo maana alitazama na majeraha yenyewe: kofia imebonyea wapi, na fuvu chini yake liko vipi.

Sheria ilichelewa, na wengine waliikataa mpaka mwisho

Usidhani Wazungu walisikia mara moja. Cairns alifariki mwaka 1952. Sheria ya kumlazimisha raia wa Uingereza kuvaa ilianza kazi mwaka 1973, miaka 32 baada ya makala ile ya kwanza. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa limeshatangulia mwaka 1961.

Tena ilipokuja ilipingwa. Masingasinga walidai haki ya kuvaa kilemba chao, wakaruhusiwa mwaka 1976. Mzee mmoja, Fred Hill, aliyekuwa mpeleka barua wa pikipiki wakati wa vita, aliona ni uonevu serikali kumpangia avae nini kichwani. Aligoma kuvaa, akagoma kulipa faini, akafungwa mara nyingi. Alifia gerezani London mwaka 1984, akiwa na miaka 74.

Kwa hiyo yule kijana wa kijiwe chako anayesema "kichwa ni changu" hajaanzisha jambo jipya. Ana wazee wake huko.

Kofia inafanya nini hasa?

Watu wengi wanadhani kazi ni ya lile ganda gumu la nje. Ganda lina kazi yake: linazuia kitu chenye ncha na kusambaza pigo. Ila kazi kubwa iko kwenye povu jeupe la ndani, ndugu wa lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya.

Fanya hesabu nami. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5, kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Kikisimama ndani ya nusu sentimita, nguvu inayokisimamisha kwa wastani ni kama mara 300 ya uzito wake. Weka povu linalobonyea sentimita 3, na nguvu hiyo inashuka hadi mara 50 hivi. Kichwa ni kilekile na lami ni ileile. Kilichoongezeka ni nafasi ya kusimamia.

Hapo utaelewa mambo mawili. Kwanza, povu likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imemaliza kazi hata kama ganda bado linang'aa. Pili, kofia isiyofungwa kamba ya kidevuni hutoka kichwani kabla ya pigo lenyewe. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Na yule aliyevaa akafa?

Tusimkatae huyu, kwa sababu yupo. Hata kwenye nchi za theluji, ambako watu huteleza milimani kwa mbao ndefu miguuni, mabishano haya yamerudi kila msiba ulipotokea. Mwaka 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka huko Kanada bila kofia, akafa. Watu wakasema, mmeona? Desemba 2013 bingwa wa mbio za magari Michael Schumacher akaanguka huko Ufaransa akiwa amevaa, na akaumia vibaya ubongo. Watu wakasema tena, mmeona?

Mtu mmoja hathibitishi upande wowote. Mwaka 2008 watafiti walikusanya tafiti 61 kuhusu waendesha pikipiki. Jibu: helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Soma namba hiyo ya pili polepole. Haisemi 100. Mwenzetu aliyevaa na akafa yumo humo ndani, hajaivunja hesabu.

Huku kwetu

Bodaboda ilianza kama baiskeli, mpakani mwa Uganda na Kenya, miaka ya 1960. Shinyanga nasi tulibeba abiria kwa baiskeli miaka mingi kabla pikipiki za bei nafuu kutoka Asia hazijajaa. Baiskeli ikageuka pikipiki, kasi ikaongezeka, kichwa kikabaki vilevile. Mwaka 2010 madaktari wa Bugando, Mwanza, walikuwa tayari wanaandika kwenye majarida ya kitaalamu kwamba ajali za pikipiki ni tatizo jipya la afya ya jamii. Na kutoka Mhunze hadi Bugando ni safari ya saa kadhaa. Mwenye damu inayovuja ndani ya fuvu hana saa hizo.

Kinachonishangaza ni hiki. Wilayani kwetu Kishapu kuna Mwadui, na magharibi kuna Geita. Mgodini hakuna anayebishana kuhusu kofia ngumu; bila kuivaa huingii. Mtu huyohuyo akitoka getini anaivua, anapanda boda, anaondoka kichwa wazi. Kwa hiyo haiwezi kuwa joto tu, maana mgodini nako kuna joto. Tofauti ni kwamba kule kofia ananunua mwajiri, kila mtu ana ya kwake, na kuna anayesimamia.

Kijiweni dereva anajinunulia. Abiria anapewa moja iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi, ina jasho na vumbi, na dada aliyesuka jana anaikataa. Mimi simwoni mjinga. Malalamiko yake ni ya usafi na ya pesa, hayahusu ubongo, na ya usafi na pesa yanatatulika: kitambaa cha kuvaa ndani, helmeti ya pili inayofuliwa bitana, chama cha kijiwe kununua kwa jumla.

Kila kijiwe kina mfuko wa kuzika. Nenda kaulize kama kuna hata shilingi moja humo iliyotengwa kwa ajili ya kofia. Na wewe abiria unayepanda kila siku, nunua ya kwako. Ya kwako haina jasho la mtu.