Amplifaya ya Bei Kubwa au ya Bei Chee? Piga Hesabu Hii Kabla Hujatoa Pesa Mwanjelwa

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya muziki Mwanjelwa, jijini Mbeya, utakuta amplifaya mbili zimekaa rafu moja. Ya kwanza nyepesi, ina taa za rangi, ina bluetooth na sehemu ya flashi, boksi limeandikwa wati elfu tano. Ya pili nzito, nyeusi, haina mbwembwe, inasema wati mia tatu tu. Halafu bei yake ni mara nne ya ile ya kwanza!

Wengi hapo ndipo wanapokwama. Kijana anayetaka kuanza kukodisha mziki kwenye harusi na send-off, kwaya iliyochangishana mwaka mzima, mwenye baa pale Kabwe au Mafiati, wote swali lao ni moja: ile ya bei kubwa inalipa, au unalipia jina tu?

Jibu fupi ni kwamba bei ya amplifaya siyo ile uliyotajiwa dukani. Bei yake halisi ni jumla ya pesa yote itakayokula mpaka siku inakufa kabisa, ukigawanya kwa idadi ya kazi ilizokufanyia. Ukipiga hesabu hiyo, mara nyingine ghali inashinda, mara nyingine chee inashinda. Twende taratibu.

Anza kwa kusoma mgongo, achana na boksi

Namba kubwa za kwenye boksi mara nyingi ni za PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua ambacho hakuna kipimo kimoja kinachokisimamia. Namba ya kuuliza ni ya RMS, wati ambazo mashine inazitoa mfululizo bila kukoroma.

Kama muuzaji hana jibu, geuza mashine uangalie fyuzi. Umeme wetu ni volti 230. Fyuzi ikiandikwa ampea 3, zidisha: 3 mara 230 ni wati 690. Huo ndio mwisho wa umeme ambao mashine inaweza kuvuta kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Na siyo wote unaofika kwenye spika. Amplifaya za muundo wa kawaida zikifanya kazi kwa nguvu hupoteza kiasi kikubwa kama joto, hivyo sauti inapata kama nusu hadi theluthi mbili. Sasa hizo wati elfu tano zinatoka wapi?

Sabufa nyingi za nyumbani ndani zina chipu ndogo za familia ya TDA2030. Chipu moja ya aina hiyo hutoa kama wati 14 kwenye spika ya omu 4. Kwa sebule inatosha kabisa na majirani watakusikia. Kosa ni kuipeleka kwenye harusi ya watu mia tatu kwa sababu tu boksi lilisema elfu tano.

Wati mara mbili siyo sauti mara mbili

Hapa watu wanapoteza pesa nyingi. Ukitoka wati 100 kwenda 200, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, unasikia tofauti ndogo. Ili masikio yaone sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya wati.

Kwa hiyo kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, angalia spika. Nyuma ya spika nzuri au kwenye kijitabu chake kuna namba ya desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 100 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 400. Maana yake, mara nyingine ile pesa ya kuongeza amplifaya ingeenda kwenye spika, ungepata sauti kubwa zaidi na amplifaya yako ndogo isingeteseka.

Kwenye ile ghali unalipia nini hasa?

Ukiondoa jina la kampuni, mambo ya maana ni haya:

1. Transfoma au pawa saplai yenye uwezo wa kweli. Besi ikipiga, umeme wa ndani haushuki.

2. Bati kubwa la kupozea na feni inayofanya kazi. Joto ndilo adui namba moja. Kapasita huishi takriban nusu ya muda wake kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. Kapasita iliyoandikwa 105°C, kwenye joto lile lile, inaweza kudumu kama mara nne ya iliyoandikwa 85°C ikiwa saa zilizotajwa ni sawa. Maandishi hayo yako kwenye kapasita yenyewe, fundi akifungua unayaona.

3. Ulinzi. Waya zikigusana, joto likizidi au mashine ikipata hitilafu ya ndani, nzuri inajikata kabla haijaua spika. Ile isiyo na ulinzi ikifa inaweza kupeleka umeme wa moja kwa moja kwenye koili ya spika. Unaanza na hasara moja, unamaliza na mbili.

4. Uwezo wa kubeba spika nyingi. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa omu 4. Zikiwa nne zinakuwa omu 2. Amplifaya nyingi za bei ndogo mwisho wake ni omu 4. Ukiweka nne, wiki ya kwanza unafurahi, wiki ya pili unanusa harufu ya kuungua.

Mfano wa mashine za kisasa ni Crown XLS 1502. Imepimwa wati 300 kwa chaneli kwenye omu 8, wati 525 kwenye omu 4, na inakubali hadi omu 2. Uzito wake ni kama kilo 4 tu, kwa sababu ni ya zile zinazoandikwa Class D, ambazo hupoteza umeme kidogo sana kama joto. Kwa hiyo ule msemo wa mtaani kwamba amplifaya nzuri lazima iwe nzito, siku hizi haushiki kila mahali.

Sasa piga hesabu kwa kazi

Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme chee ni shilingi 350,000 na ghali ni 1,400,000.

Unakodisha mziki, una kazi 60 kwa mwaka. Chee inadumu miaka miwili, inapelekwa kwa fundi mara mbili kwa 60,000 kila safari. Jumla 470,000 kwa kazi 120, kila kazi imekula kama 3,900. Ghali inadumu miaka minane, matengenezo yote 200,000. Jumla 1,600,000 kwa kazi 480, kila kazi kama 3,300.

Tofauti siyo kubwa kama ulivyodhani, sivyo? Lakini ongeza kitu kimoja: chee imezima mara mbili katikati ya sherehe, na kila mara umerudisha 150,000 kwa mteja. Jumla inakuwa 770,000, kila kazi 6,400. Hapo ghali imeshinda karibu mara mbili, na hatujahesabu yule mama wa kamati aliyewaambia wenzake wasikuite tena.

Sasa geuza. Wewe unatumia mara 6 tu kwa mwaka, kipaimara cha mtoto, Krismasi, kikao cha ukoo. Chee inadumu miaka mitano na tengenezo moja, jumla 410,000 kwa matumizi 30, kila mara kama 13,700. Ghali hata ikidumu miaka kumi bila kuguswa ni matumizi 60, kila mara kama 23,300. Chee imeshinda wazi, na milioni moja na ushee imebaki mfukoni ikifanya kazi nyingine.

Fundi wako anaiweza?

Hili ndilo swali watu wanalisahau, wakati ndilo linaloamua miaka. Kila amplifaya itakufa siku moja. Je, inafufuka?

Amplifaya za transfoma zenye transista za kawaida kama 2SC5200 na 2SA1943 zinajulikana na karibu kila fundi wa redio. Na ile sabufa ya TDA2030, chipu yake ni ya bei ndogo na kuibadilisha hakuchukui muda. Huo ni ubora wa kweli wa vitu vya bei chee.

Lakini mashine ya kisasa ya bei kubwa, yenye pawa saplai ya kidijitali na vipuli vidogo vilivyobandikwa kwenye bodi, ikiungua mara nyingi dawa ni kubadilisha bodi nzima. Bodi hiyo huenda ukaambiwa uagize Kariakoo au nje ya nchi. Ghali isiyotengenezeka Mbeya inaweza kukutia hasara kuliko chee inayotengenezeka. Kabla ya kulipa, mpigie fundi wako, mtajie modeli, muulize kama ameshawahi kufungua ya aina hiyo.

Tahadhari nyingine: transista hizo 5200 na 1943 zinaigizwa sana. Zikiwekwa feki, mashine inarudi kwa fundi muda si mrefu. Bora ulipe zaidi kwa orijino na zibadilishwe kwa jozi.

Na ile ya mtumba?

Njia ya tatu, ambayo kwa wengi ndiyo yenye faida zaidi, ni amplifaya nzuri iliyotumika. Transfoma yake ikiwa nzima, kazi kubwa huwa ni kubadilisha kapasita zilizochoka na kusafisha vumbi.

Ila soma volti kwanza. Japani wanatumia volti 100 na Marekani 120. Mashine ya huko isiyo na swichi ya kubadilisha volti, ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 inaungua hapo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha, na bei yake uijumlishe kwenye hesabu. Pia omba iwashwe na ipigwe walau nusu saa ukiwa pale pale, kisha uguse pande zote. Joto la upande mmoja likizidi sana mwenzake, ina ugonjwa.

Hali ya kwetu Nyanda za Juu

Mashine ya kukodisha haikai Mwanjelwa. Leo iko Chunya kwenye vumbi, kesho Tukuyu kwenye mvua, keshokutwa Kyela kwenye joto. Vumbi likijaa kwenye feni na bati la kupozea, hata mashine ya milioni mbili inakuwa ya laki tatu. Ifunguliwe na kupulizwa kila baada ya miezi michache.

Baridi nayo ina mambo yake. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa. Mashine iliyolala kwenye baridi ya Juni ikishushwa Kyela hufanya jasho ndani, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache saa moja au mbili ndipo uwashe.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwenye swichi. Unaporudi, mara nyingi ndipo unapokuja kwa kishindo. Kifaa cha kulinda umeme, kile wanachofungia friji, ni pesa ndogo ukilinganisha na hasara. Kwenye jenereta, acha ichangamke kwanza na upime volti.

Na usikamue sauti mpaka mwisho. Amplifaya ndogo ikilazimishwa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na zile spika ndogo za juu zinaungua. Taa nyekundu ya clip ikiwaka mfululizo, punguza.

Nani anunue ipi?

• Nyumbani, saluni, kibanda cha chipsi: chee inatosha. Chagua ile ambayo fundi wako anaijua.

• Kwaya au kanisa linalotumia kila wiki: ya kati, yenye RMS ya kweli na ulinzi, na mtu mmoja tu awe mwangalizi wa kuigusa.

• Anayeanza kukodisha: mtumba mzuri wa volti 230, na ile chee iwe ya akiba kwenye gari.

• Mwenye kazi kila wikendi: ghali inalipa, mradi vipuli vipatikane.

Ukinunua mpya, dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, yenye namba ya mashine. Maneno ya "ikizingua irudishe" bila karatasi hayakusaidii. Ukiona jina kubwa kwa bei ya ajabu, shtuka. Bidhaa bandia zipo, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kuzishughulikia.

Kwa hiyo ukienda Mwanjelwa wikendi hii, nenda na namba tatu: unaitumia mara ngapi kwa mwaka, spika zako ni omu ngapi, na ya tatu ni namba ya simu ya fundi wako.