Mdhamini sio shahidi: maneno ya kuyajua kabla hujaweka saini

Juzi baba mdogo kaniletea karatasi nimsomee. Jirani yake alikopa laki tatu kwa jamaa mmoja wa mjini akafanyie biashara ya mawese, baba mdogo akaitwa eti aje ashuhudie. Kumbe pale alipoweka dole gumba pameandikwa MDHAMINI! Jirani kavuka zake Kongo, na sasa mkopeshaji anaiulizia michikichi ya mzee.

Shahidi anasema tu kwamba niliwaona hawa wakikubaliana. Basi, hadaiwi senti. Mdhamini ameahidi kulipa mwenzake akishindwa, na kwa Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) deni lake ni sawa na la mkopaji, labda mkataba useme vingine. Tena mkopeshaji halazimiki kumsaka mkopaji kwanza ndo aje kwako. Hapo ndo wengi wanaliwa. Ukidanganywa unaweza kuukataa mkataba, ila uthibitishe, na hiyo ndo kazi.

Halafu hili neno dhamana linatuchanganya. Ya polisi ni ahadi kwamba mtuhumiwa atarudi akiitwa, na haiuzwi. Ukiombwa ya chai hiyo ni rushwa. Ya mkopo ni mali unayoweka rehani, mfano shamba. Huku kijijini karatasi ya shamba ni hati ya hakimiliki ya kimila, inatolewa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Rehani sio kuuza. Na baba mdogo hakuweka rehani kitu chochote, kwa hiyo mtu kuja kuhesabu michikichi yake bila amri ya mahakama ni vitisho tu.

Riba nayo ina ujanja wake. Karatasi inasema asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu. Ya nini sasa? Ikipigwa kwenye laki tatu nzima kila mwezi, ni 90,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, huku unarudisha laki moja kila mwezi, ni 60,000. Uliza kabla ya kusaini.

Mwisho leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, hata mtu binafsi anayekopesha kibiashara anatakiwa awe na leseni. Tumemwomba jamaa atuonyeshe ya kwake. Kasema ataileta Alhamisi. Leo Jumamosi.