Kichocheo
Kichocheo hutokana na kuchochea, yaani kusukuma kuni jikoni ili moto ukolee. Wanakemia wameliazima neno hilo kwa dutu inayoharakisha mmenyuko, ingawa kuni huteketea ilhali kichocheo chao hubaki. Nguvu yake hutegemea sana maandalizi. Zirkonia yenye salfeti, kichocheo yabisi cha asidi, huanza kama haidroksaidi ya zirkoni: hulowekwa katika asidi ya salfuriki, hukaushwa, kisha huchomwa kwa nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Moto ukizidi mno, salfeti hutoroka na kichocheo hupoa. Mfuatano nao una uzito: zirkonia iliyochomwa ikawa fuwele kabla ya kulowekwa huwa dhaifu, hata ikirudishwa motoni.