Mshika Daftari la Majina

Kila nchi ina madaftari yake. Liko daftari la ardhi, liko la vizazi na vifo, liko la magari na la makampuni. Mshika daftari hamiliki yale ayaandikayo. Kazi yake ni kuandika kwa haki na kuhifadhi kwa uaminifu. Hata hivyo nguvu yake ni kubwa, kwa kuwa kosa moja la kalamu yake laweza kumwondolea mtu shamba au kumnyima mtoto jina. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza: mshika daftari atatoa hesabu kwa nani? Tulitazame swali hili, msomaji, katika daftari moja la zama zetu ambalo watu hulitumia kila siku bila kuliona, nalo ni daftari la majina ya intaneti.

Kompyuta hutafutana kwa namba, lakini binadamu hukumbuka majina. Katika miaka ya 1970 majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yalikuwa katika orodha moja tu, iliyotunzwa huko California, Marekani, katika ofisi iliyoongozwa na Bi. Elizabeth Feinler. Orodha ilipokuwa ndefu mno, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mpango wa kuigawa kama mti wenye matawi, kila tawi likiwa na mtunzaji wake. Matawi hayo huitwa vikoa. Tawi la Uingereza, .uk, lilianzishwa mwaka 1985, na tawi la Kenya, .ke, mwaka 1993. Ikiwa shule yako ina tovuti, huenda jina lake laishia kwa .sc.ke, na jina hilo limo katika daftari linaloshikwa na shirika liitwalo KENIC.

Fikiri sasa tofauti iliyopo kati ya daftari hili na duka. Muuza sukari akipandisha bei pasipo sababu, utavuka barabara ununue kwa jirani yake. Lakini daftari la .ke ni moja tu, na la .uk ni moja tu. Wako mawakala wengi wa kukuuzia jina, nao hushindana. Hata hivyo wote huliandikisha katika daftari lile lile, na kwa mshika daftari yule yule hulipa ada. Nawe ukiisha kulichora jina lako juu ya mabango, magari na karatasi zako zote, huwezi kulibadili bila hasara kubwa. Nguvu ya mteja sokoni ni uhuru wa kuondoka. Mteja wa daftari hana uhuru huo. Basi lazima ipatikane hatamu nyingine.

Waingereza walijaribu kuitengeneza hatamu hiyo. Mwanzoni majina ya .uk yaliamuliwa na kamati ya watu waliojitolea bila mshahara. Maombi yalipowazidi nguvu, iliundwa mwaka 1996 kampuni iitwayo Nominet, chini ya uongozi wa Dakta Willie Black. Kampuni hiyo haikuwa na hisa wala wenye kugawana faida. Ilikuwa na wanachama, ambao wengi wao ni makampuni yanayouza majina kwa umma. Wanachama ndio waliopewa kura, na kura ya kila mmoja ilipimwa kwa wingi wa majina aliyoyaandikisha, ingawa kiliwekwa kikomo ili mkubwa mmoja asiwameze wengine. Kusudi lilikuwa kwamba daftari litumikie manufaa ya umma.

Kazi ikastawi. Majina yalipita milioni 10, na fedha zikaingia kila mwaka bila mshindani wa kuzipunguza. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Mwaka 2016 ada ya jina moja ilipanda kutoka pauni 2.50 kwa mwaka hadi pauni 3.75, yaani iliongezeka kwa nusu yake. Mwaka 2020 ikafika pauni 3.90. Wakati huohuo wakuu wa kampuni waliingia katika shughuli nyingine, kama usalama wa mitandao na utafiti wa magari yajiendeshayo. Wanachama wengi walinung'unika kwamba mishahara ya wakuu yapanda huku michango ya hisani ikipungua, na kwamba fedha za daftari zatumika katika mambo yasiyohusu daftari. Kisha mwaka 2020 uongozi ukalifunga baraza la mtandaoni ambamo wanachama walikuwa wakijadiliana. Watu walioweza kuvumilia bei hawakuweza kuvumilia kunyamazishwa.

Wafanye nini? Hawakuvunja madirisha wala hawakwenda kuanzisha daftari la pili, maana haliwezekani. Walifungua sheria. Sheria ya makampuni ya Uingereza yasema kwamba wanachama wenye angalau asilimia 5 ya kura waweza kuwalazimisha wakurugenzi kuitisha mkutano maalumu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Simon Blackburn, mwenye kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti, akawakusanya wenzake mpaka kiasi hicho kikapatikana na kupita. Hoja yao ilikuwa moja: wakurugenzi watano waondolewe, miongoni mwao mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji. Mkurugenzi mtendaji alijiuzulu siku moja kabla ya kura. Tarehe 22 Machi 2021 kura zikahesabiwa: asilimia 52.74 zilikubali hoja, asilimia 47.26 zilikataa. Viongozi hao wakaacha viti vyao, na daftari halikusimama hata siku moja.

Usidhani, msomaji, kwamba haki yote ilikuwa upande mmoja. Wakuu walijitetea kwamba kuwaondoa watano kwa pamoja kungeyumbisha huduma inayotegemewa na taifa zima, na kwamba kazi za usalama zilikuwa na faida kwa umma. Karibu nusu ya kura zilikubaliana nao. Tena iko kasoro nyingine yenye uzito zaidi. Waliopiga kura walikuwa wanachama, na wengi wao ni wauzaji wa majina. Mwenye mkahawa au mwalimu mwenye tovuti yake, ambaye ndiye alipaye mwisho wa yote, kwa kawaida hakuwa mwanachama na hakuwa na kura. Akinufaika, hunufaika kwa sababu kilio cha mwuzaji na chake kilifanana safari hii. Safari nyingine huenda visifanane.

Linganisha na daftari la .org, litumiwalo na mashirika mengi ya hisani duniani, pamoja na mengi ya Afrika Mashariki. Daftari hilo hushikwa na shirika lililo chini ya Internet Society. Mwezi Novemba 2019 ilitangazwa kwamba litauzwa kwa kampuni ya wawekezaji, Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Wenye majina walishtuka, kwa maana hawakuulizwa, wala hawakuwa na kura ya kukataa. Ilibaki kuandika barua, kukusanya saini na kuwaomba wengine wawasemee. Mwanasheria Mkuu wa California aliandika kuyapinga mauzo hayo, na tarehe 30 Aprili 2020 shirika la ICANN, lisimamialo mpango wa majina ulimwenguni, likakataa kutoa idhini. Mauzo yakavunjika. Matokeo yaliwaridhisha wengi, lakini yalitegemea huruma na busara ya watu wa nje. Wanachama wa Nominet walitumia haki iliyokuwa mikononi mwao, watu wa.org walisubiri mlangoni pa mwingine.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia hii yatufunza kwamba daftari lenyewe nalo lahitaji mtazamaji. Uwajibikaji hauletwi na wema wa viongozi peke yake, wala na hasira ya watu siku mambo yanapoharibika. Huletwa na kifungu kilichoandikwa mapema, siku ambayo wote bado ni marafiki, na watu wanaokijua kifungu hicho na kuthubutu kukitumia.

Siku moja nawe utakuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa, wa sacco, au wa chama cha wazazi wa shule. Siku hiyo usitosheke kuuliza faida ni kiasi gani. Uliza nani ana kura na nani hana. Uliza ni wanachama wangapi waweza kuitisha mkutano bila idhini ya mwenyekiti, na hesabu husomwa lini na mbele ya nani. Ukikuta kwamba anayelipa hana pa kusemea, simama useme ufunguliwe mlango, hata kama hesabu za mwaka huo ni safi.